Wanaume Wanne na Ungo Mmoja

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya jopo, mwenyekiti alinimaliza kwa sentensi moja. "Madam, hii kazi kompyuta ilishaimaliza." Akafunga faili langu, akatazama saa, na wenzake nao wakatazama saa zao. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kila aina, na hilo halikuwa swali. Nilikusanya karatasi zangu, nikasema asante kwa adabu zote nilizofunzwa, kisha nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya taka iliyokuwa kando ya mlango. Ndoo haikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa naomba ruhusa ya kufanya utafiti wa uzamili juu ya jambo moja: nini kinachoamua jinsi domeni ya protini inavyojikunja. Najua sentensi hiyo inafukuza wageni. Mama yangu, ambaye ana duka la nafaka Kibomet, pale Kitale, hadi leo akiulizwa binti yake anasomea nini hujibu, "Anasomea maharagwe." Kwake protini ni maharagwe, mayai na, mwezi ukiwa mzuri, nyama. Nikijaribu kumsahihisha ananiambia nisijitie mjuzi wa mambo ya chakula wakati ugali wangu bado una madonge.

Sasa acha nieleze mara moja, halafu tuendelee. Kila chembe hai ya mwili imejaa protini, na kila protini huanza kama mnyororo: asidi amino moja imeshikana na nyingine, aina ishirini zikipangwa kwa mfuatano wake. Mnyororo ukiwa umenyooka tu hauna kazi. Ni lazima ujikunje upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linalouwezesha kubeba hewa kwenye damu, kukata chakula tumboni au kukamata kijidudu cha maradhi. Hakuna mkono unaoukunja wala kalibu ya kuutilia. Wapo wasaidizi ndani ya chembe wanaoizuia minyororo isishikane ovyo, lakini hata wao hawauambii mnyororo umbo lake ni lipi. Protini ndefu huwa na vipande, na kipande kinachoweza kujikunja chenyewe hata ukikikata kutoka kwa vingine ndicho kinachoitwa domeni.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Kipande kimekatwa, kimeachwa majini bila ndugu, na bado kinajua kuwa chenyewe. Nilikipenda kwa ukaidi wake. Mimi mwenyewe watu wamenikunja sana, au wamejaribu. Wazazi wangu ni wa asili ya eneo la Kati mwa nchi, wakahamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Nimeolewa upande wa Bungoma, nje kidogo ya Chwele. Na kote huko kuna mtu ambaye amewahi kunieleza mimi ni nani kabla sijafungua mdomo.

Zamani sana watu walichukua protini ndogo, wakaifungua kwa dawa mpaka ikalegea kabisa, kisha wakaiondoa dawa. Protini ikarudi umbo lake, ikaanza kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo siri yote imo katika mfuatano wa mnyororo. Asidi zinazochukia maji hukimbilia ndani, zinazopenda maji hubaki nje, zinazovutana hushikana, na joto la maji hutikisatikisa kila kitu mpaka kinatulia. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye njia. Mnyororo ungejaribu kila umbo linalowezekana, dunia ingezeeka haujamaliza, ilhali wenyewe humaliza kufumba na kufumbua. Unapitia wapi? Mimi nilitaka kuchukua domeni ndogo, niunganishe kichwa na mkia, kisha niikate mahali pengine, ili sehemu iliyokuwa katikati sasa iwe mwanzo. Je, itafika kwenye umbo lilelile? Na ikifika, itakuwa imepita njia ileile?

Ni kweli kwamba kompyuta za siku hizi ukizipa mfuatano zinakuchorea umbo la mwisho, na mara nyingi zinapatia. Sikatai, nazitumia mwenyewe. Lakini kujua kwamba mtu ametoka Kitale akafika Bungoma si kujua kama alipitia Chwele au Webuye. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mwenyekiti siku ile, badala ya kuonea ndoo.

Chuo kilinipa nafasi moja ya kurudi. Nikianguka tena, jina langu linaondolewa kwenye orodha, ruhusa yangu ya masomo inakufa, na swali langu linakufa nayo. Ningerudi kufundisha baiolojia kutwa nzima katika shule ya wasichana niliyoiacha. Kufundisha si adhabu, na wale wasichana nawapenda. Lakini kila mwaka nilikuwa nasimama mbele yao nikiwaambia sayansi ni yao pia, na kila mwaka nilikuwa najisikia kama mtu anayesifia mji ambao hajawahi kufika. Nililitaka swali hili kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na harusi yangu, na mume wangu anajua hivyo kwa sababu nilimwambia.

Msimamizi wangu, mtu mpole ambaye alimwogopa mwenyekiti kuliko mimi nilivyomwogopa, alinishauri nibadilishe mada. "Chukua kitu cha mahindi," akasema. "Hapa kwetu mahindi hayakataliwi." Nilimwambia hata mahindi yana protini. Hakucheka.

Nikaenda Kibomet. Jirani na duka la mama yangu kuna fundi wa simu ambaye hatupi kitu. Nilimwomba sumaku ndogondogo zilizo ndani ya spika za simu zilizokufa, akanipa mkebe mzima. "Madam, unatengeneza bomu?" akaniuliza. "Natengeneza protini," nikamwambia. Akasema ni sawa, bora isilipuke karibu na kibanda chake.

Nikatoboa vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, nikavitunga kwenye uzi wa nailoni. Vyekundu nilivigundishia sumaku ubavuni, vingine vikivutana, vingine vikisukumana. Vyeupe niliviacha bila kitu. Nilivipanga kwa mfuatano niliokuwa nimeupigia hesabu wiki nzima, ili mnyororo ukipata nafasi ya kuhangaika, vyekundu vikusanyike katikati, vyeupe vizunguke nje, na kitu chote kifanane na ngumi iliyofumbwa. Nikatengeneza na mnyororo wa pili: vifuniko vilevile, sumaku zilezile, lakini mfuatano ovyo.

Shida ikawa kuutikisa. Kwenye beseni ulirundikana upande mmoja. Kwenye sinia uliteleza ukaanguka. Kwenye sufuria ulipiga kelele tu. Nilikuwa nimerudi nyumbani Chwele, nimekaa kwenye kibaraza nimenuna, wakati mama mkwe wangu alipotoka na maharagwe yake kuyapepeta. Ndiye aliyenifundisha kupepeta mwaka ule nilioolewa, akinicheka mpaka machozi yanamtoka. "Msichana wa dukani," alikuwa akiniita, "maharagwe unajua tu ile iko kwa gunia." Nikautazama ule ungo ukipanda na kushuka, nikasimama.

"Mama, naomba ungo kidogo."

"Ya kufanya?"

Nikamwaga vifuniko vyangu ndani. Akavitazama, akanitazama.

"Sasa hii ni nini umeweka kwa ungo yangu?"

"Ni protini, mama."

"Protini gani? Hii ni vifuniko ya maji, bana. Na maharagwe yangu itarara wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kupepeta. Nikitikisa polepole, sumaku mbili za karibu zilishikana vibaya na mnyororo ukaganda hivyo, nusu umejikunja nusu umepotea. Nikitikisa kwa nguvu, kila kitu kilifunguka ukabaki uzi tu unaorukaruka. Katikati ya hapo, mshiko mbaya uliachia na mshiko mzuri ukabaki, na kidogo kidogo, bila mtu kuugusa, mnyororo ukajifumba ukawa ngumi. Hivyo ndivyo joto linavyofanya kazi. Likipungua mno, mnyororo unakwama. Likizidi mno, unafunguka, na minyororo ikifunguka mingi pamoja inang'ang'aniana ovyo isiachane tena, ndiyo sababu yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi. Nikaujaribu mnyororo wa pili. Niliupepeta mpaka mabega yakauma, na kila mara ulipata umbo jingine lisilo na maana.

"Ati inajikunja yenyewe," mama mkwe akasema, akiinama kuchungulia chini ya ungo. "Wewe umeficha kitu."

"Sijaficha."

"Haya, chukua. Lakini ukinirudishia na harufu ya chuo, utaniona."

Siku ya jopo nilipanda bodaboda kutoka Chwele kwenda mjini Bungoma, ungo nimeuvaa mgongoni kwa leso kama mtoto. Mwendeshaji alinitazama kwenye kioo chake. "Madam, leo unaenda soko ama unaenda kuolewa?" Nikamwambia naenda vitani. Akasema basi atanishusha karibu na geti, vita isianze nikiwa nimechoka.

Chumba kilikuwa kilekile, na ndoo ya taka ilikuwa imebadilishwa. Mezani waliketi wanaume wanne. Mwenyekiti, niliyekwisha kumtaja. Msimamizi wangu, akikwepa macho yangu. Mhadhiri wa kemia, kijana kuliko wote, mwenye tai nyekundu. Na mtahini wa nje, profesa mzee mwenye mvi aliyeletwa kutoka chuo kingine, ingawa kwao ni papa hapa Bungoma. Kikao cha kwanza hakuwapo. Alikuwa na sauti ya chini na alinipa mkono kwa mikono yote miwili. Kando aliketi katibu wa idara, msichana mwenye kucha ndefu za bandia za rangi ya zambarau, akiandika kumbukumbu kwenye kompyuta.

Mwenyekiti akaanza palepale alipoishia. Kompyuta, umbo, kazi imekwisha. Safari hii nilimjibu habari ya Chwele na Webuye, na mhadhiri wa kemia akatabasamu kabla hajajizuia. Kisha nikaweka ungo juu ya meza.

Nikaeleza vyekundu na vyeupe, nikaeleza sumaku, nikasimama mbali kidogo na meza nikapepeta. Nilikuwa na hasira, na hasira inaharibu mkono, kwa hiyo nilianza kwa kupumua. Mnyororo ukahangaika, mkia ukajikunja kwanza, kisha katikati ikafuata, kisha kichwa kikaingia. Ngumi. Nikaufungua, nikarudia, ikawa ngumi tena. Nikapepeta ule wa mfuatano ovyo, ukawa fujo. Nikaweka ungo chini.

"Hakuna anayeukunja," nikasema. "Kilichobadilika ni mfuatano tu."

Mwenyekiti akaegemea kiti chake. "Hapana, madam. Kilichobadilika ni wewe. Mkono wako umeshazoea huu na haujazoea ule. Wewe ndiye unayeukunja, hata kama hujui. Au si mikono yako?"

Lilikuwa swali zuri, na niliudhika sana kwamba lilikuwa zuri. Jaribio ambalo linakubali mikono ya mtu mmoja tu si jaribio. Nikauinua ungo nikamsogezea.

"Basi pepeta wewe, Prof."

Alirudi nyuma na kiti chake. Kweli alirudi, magurudumu yalilia. "Mimi?"

"Mtu mwingine yeyote. Ndiyo njia ya kulijibu swali lako."

"Madam, wewe umeolewa huku. Unajua kabisa mwanaume hashiki ungo."

Nikamgeukia msimamizi wangu. Akasema hajui kama kanuni za chuo zinaruhusu msimamizi kushiriki. Nikamgeukia mhadhiri wa kemia. Akasema mgongo unamsumbua tangu Jumapili. Mtahini wa nje alikuwa anatazama vifuniko vyangu. Mwenyekiti akapata wazo, uso ukamng'aa.

"Katibu! Njoo wewe. Si wewe ni mwanamke?"

Katibu akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Prof, aki mimi nimezaliwa Kitale, kwa ploti ya kupanga, mjini. Hiyo kitu nimeiona tu kwa ukuta ya hoteli, kama pambo."

"Jaribu tu."

Msichana wa watu akajaribu. Alishika ungo kama mtu anayebeba keki, akarusha mara moja, na mnyororo wangu ukaruka juu ya mabega ya mwenyekiti ukatua nyuma ya pazia. Kucha moja ikabaki kwenye ukingo wa ungo. Tuliing'oa kucha, tukautafuta mnyororo, na katibu akarudi kwenye kiti chake akisema pole, madam, pole sana.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya pazia nikikusanya vifuniko, na hapo ndipo hasira yangu ilipokomaa. Nimesoma vitabu vyao. Nimejibu maswali yao. Nimekubali kila kipimo walichoniwekea, na sasa kipimo kinashindwa kwa sababu ya kitu ambacho kila mmoja wao alipepetewa chakula nacho utoto wake wote. Nikasimama.

"Sawa," nikasema. "Kama hakuna wa kuushika, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba utafiti wangu umeanguka kwa sababu wanaume wanne wameogopa ungo."

Msimamizi wangu akafumba macho. Mwenyekiti akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno tulisikia kiti kikisogea. Mtahini wa nje alikuwa amesimama. Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Akaja akaupokea ungo kwangu. Nilimtazama vidole. Vidole gumba vilikaa juu ya ukingo, vingine vinne vikatanuka chini, na ungo ukaegemea tumboni kidogo. Mtu hashiki hivyo kwa kubahatisha.

Akaanza kupepeta. Namna yake haikuwa yangu. Mimi hurusha juu, yeye alizungusha, kwa mkono laini, karibu bila sauti. Mnyororo ukajikunja nusu, vyekundu viwili vya karibu vikang'ang'aniana mahali pasipo pao, ukakwama.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema. "Si umbo lile."

"Ngoja," mzee akajibu bila kuinua macho.

Akaongeza nguvu. Vile viwili vikaachana, mnyororo wote ukafunguka ukawa uzi. Kisha akaanza kupunguza, kidogo, kidogo zaidi, kama mtu anayepunguza moto chini ya sufuria ya wali. Safari hii katikati ndiyo iliyotangulia kujikunja. Kichwa kikaja, mkia ukaja mwisho kabisa. Alipotulia, ndani ya ungo kulikuwa na ngumi yangu, vyekundu ndani, vyeupe nje, ileile.

"Kwangu mkia ulitangulia," nikasema. "Kwake katikati ndiyo iliyotangulia. Njia zote mbili zimefika mahali pamoja. Kompyuta ingewaonyesha hii ngumi kwa dakika chache na isingewaambia lolote juu ya haya mliyoyaona sasa. Hapo ndipo swali langu lilipo."

Nikauchukua mnyororo, nikafunga kichwa na mkia kwa fundo, nikakata uzi pale palipokuwa katikati. Mzee akapokea bila kuambiwa. Ulichukua muda mrefu. Ukakwama, ukafunguka, ukakwama tena mahali pengine, mhadhiri wa kemia akasahau mgongo wake akasimama juu yetu akihema kama anayetazama penalti. Mwishowe ukajifumba, ngumi ileile. "Ala!" akasema, na akakaa.

Mwenyekiti aligongagonga kalamu. Nitamtendea haki: hakuwa mtu mjinga, na alijua alichokiona. "Tunaweza kupitisha," akasema. "Lakini tuweke sawa mambo mawili madogo kwenye kumbukumbu. Badala ya ungo, tuandike kitikisio. Na aliyerudia jaribio, tuandike msaidizi. Hizi karatasi zinasomwa mbali, madam. Na Prof hapa ni mzee wa kanisa, ana heshima yake."

Nilimtazama mtahini wa nje nikitarajia angecheka. Hakucheka. Alikuwa ameanza kushusha mikono ya shati lake.

"La kwanza mtaamua wenyewe," akasema polepole. "La pili nakuomba, madam. Nakuomba kama baba yako. Kwetu tulizaliwa wavulana watupu, na mimi ndiye kitinda mimba. Mama alikuwa anaumwa miguu. Kusaga, kuteka maji, kupepeta, zilikuwa kazi zangu. Wenzangu wa rika walipojua, walinitungia wimbo, na msimu wetu wa kutahiriwa waliniimbia mpaka barabarani. Tangu hapo sijashika ungo. Mke wangu mwenyewe hajui."

Nilimhurumia, nasema kweli. Nilitamani kumwambia haya, Prof, imekwisha. Ruhusa yangu ilikuwa mezani, mbichi, ningenyoosha mkono tu. Msimamizi wangu alikuwa ananitikisia kichwa kwa siri: kubali, kubali. Nikawafikiria wale wasichana wangu wa shule, nikafikiria itakuwaje kuwasimulia siku hii na kuruka kipande hiki.

"Pole, Prof," nikasema. "Pole kwa wimbo ule. Lakini siwezi."

"Madam," mwenyekiti akaanza.

"Uliniuliza kama ni mikono yangu inayokunja. Jibu la swali lako ni mikono yake. Ukiandika msaidizi, nani atajua kwamba si mtu niliyemfundisha mimi? Ukifuta mikono yake, sina jibu, nina mchezo wa vifuniko. Sitaanza kazi yangu kwa uongo ili ungo usionekane. Kama ni hivyo, niangusheni."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Hii ni nafasi yangu ya mwisho, barua yenu ilisema wazi." Nikamgeukia mzee. "Prof, ule mnyororo haukuuliza mikono ni ya mwanaume au ya mwanamke. Ulijikunja tu. Tunaouliza ni sisi."

Katibu alikuwa ameweka vidole juu ya kompyuta, kimoja kikiwa hakina kucha, akimtazama mwenyekiti, kisha mzee, kisha mimi. Mzee alitazama mikono yake kwa muda, ile mikono ya shati ikiwa imeshuka nusu. Kisha akaikunja tena mpaka kwenye viwiko.

"Andika mimi," akamwambia katibu. "Andika jina langu lote."

"Sawa, Prof." Katibu akaandika. "Na niseme ulifanya nini? Ulitikisa?"

"Hapana. Andika nilipepeta," akasema. "Nilipepeta kwa ungo. Na uandike ni mama aliyenifundisha."